Kompyuta ya Nyumbani: Bure, Wizi na Uhuru



Kompyuta si kitu kigeni tena hapa kwetu Kamsamba. Mkulima aliyeuza ufuta au mpunga kwa bei nzuri humnunulia mwanawe aliye sekondari. Mwenye duka huitaka kwa hesabu zake. Mwalimu huitaka kwa mitihani. Kwaya huitaka kwa nyimbo zao. Kwa kawaida hainunuliwi mpya. Hununuliwa Tunduma au Mbeya, ikiwa imekwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za watu wengine, kisha hufika kwetu kama nguo ya mtumba, ingali na nguvu ingawa si ya kisasa.

Mashine hiyo peke yake haiwezi neno. Ndani yake hapana budi iwemo programu kubwa iitwayo mfumo endeshi, ambayo kazi yake ni kuiamsha mashine, kupokea amri za kibodi na kipanya, kutunza mafaili, na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Mfumo ujulikanao na wengi ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Lakini iko mifumo mingine, na miongoni mwayo imo jamii ya mifumo iitwayo Linux, ambayo ni huria. Maana yake ni kwamba mtu ye yote ana ruhusa kuitumia, kuifungua aone ilivyoandikwa, kuibadili, na kumpa jirani nakala.

Basi jamaa imenunua mashine. Iweke mfumo upi? Labda mtu atasema, “Hayo ni mambo ya mafundi, si mambo ya gazeti la kanisa.” Nami nakubali kwamba sehemu yake ni ya mafundi. Lakini ndani ya swali hilo yamo maswali matatu ambayo fundi hawezi kutujibia. La kwanza ni juu ya mali ya mtu mwingine. La pili ni juu ya mamlaka: ni nani mwenye neno la mwisho juu ya chombo kilichomo nyumbani mwangu? La tatu ni juu ya deni letu kwa jirani. Tuyatazame moja moja.

Tuanze na mali ya mtu mwingine. Windows huuzwa. Mwenye kompyuta isiyokuja na kibali chake anapaswa kukinunua. Lakini sote twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Kompyuta hupelekwa kwa kijana mwenye kibanda, naye huitia Windows ya nakala isiyo halali, hulipwa ujira mdogo, na hakuna aulizaye. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huzihesabu programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, sawasawa na vitabu. Na amri ya nane twaijua tangu katekisimu.

Wako wasemao kwamba kumwibia tajiri wa mbali si kuiba hasa. Husema, “Kampuni ile haitapungukiwa na kitu kwa ajili ya kompyuta moja ya Kamsamba.” Neno hili lina sehemu ya kweli, nayo tusiipite haraka. Bei ya kibali imepangwa na watu wasiojua mkulima wa bonde la Rukwa hupata nini kwa mwaka, na ni haki kuuliza kama bei ya namna hiyo ina huruma. Tena ni kweli kwamba nakala haimwondolei mwenyewe kitu chake, kama vile mwizi wa ng'ombe amwachavyo mwenye zizi bila ng'ombe. Lakini tukikubali kwamba wizi hupimwa kwa utajiri wa aliyeibiwa, basi kila mwenye nacho kuliko sisi hana haki mbele yetu, na kila asiye nacho kuliko sisi ana ruhusa juu ya mali yetu. Hakuna kijiji kiwezacho kuishi kwa kanuni hiyo.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni ule wa dhiki. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki kuu, asiyekuwa na njia nyingine, akitwaa chakula cha mwingine apate kuishi, hahesabiwi kuwa mwizi. Mzazi aweza kusema: mwanangu asipojifunza kompyuta ataachwa nyuma, na fedha ya kibali sina, hiyo ndiyo dhiki yangu. Lakini tazama masharti mawili yaliyomo katika mafundisho hayo. Haja iwe kubwa kama uhai, na njia nyingine isiwepo. Elimu ya mtoto ni haja kubwa, ingawa si sawa na njaa. Kuhusu sharti la pili, zamani mtu angeweza kusema kwamba njia nyingine haikuwako. Leo hawezi kusema hivyo, kwa sababu mifumo huria imekuwako kwa zaidi ya miaka 30, na mingine imetengenezwa kusudi iwe rahisi kwa mtu anayeanza. Ikiwa njia ya halali iko wazi, wala haina gharama, udhuru wa dhiki umekwisha. Hapo ndipo uchaguzi wa mfumo endeshi unapokuwa jambo la dhamiri. Kuwako kwa mfumo huria kumetuondolea udhuru wetu wa zamani.

Sasa twende kwenye mamlaka. Lugha yetu hapa imebarikiwa. Waingereza wana neno moja tu kwa vitu viwili, kile kisicholipiwa na kile kisichofungwa, na kwa sababu hiyo wameeleza sana bila kueleweka. Sisi tunayo mawili: bure na huru. Tena neno “bure” lina maana nyingine ya pasipo faida, kama tusemavyo kwamba mtu amejichosha bure. Kitu kinaweza kuwa cha bure wala kisiwe huru. Programu nyingi za simu hazilipiwi, lakini humtawala mtumiaji na kupeleka habari zake mbali. Ubora mkubwa wa Linux ni kwamba ni huru, na kule kutolipiwa ni tunda la uhuru huo.

Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitangaza mwaka 1983 kazi ya kutengeneza mfumo usiokuwa na kifungo, akauita GNU. Baadaye yeye na wenzake waliandika leseni, iliyotoka mwaka 1989, isemayo kwamba mwenye kuipokea programu aweza kuigawa na kuibadili, lakini akiigawa hana budi kumpa mwenziwe haki zile zile alizopewa yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, aliandika kiini cha mfumo, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Mambo hayo mawili yakaungana, na ndiyo asili ya mifumo tunayoizungumza.

Mkulima ataelewa upesi kwa mfano wa mbegu. Mbegu ya mpunga aliyoirithi huipanda, huichagua, huweka akiba, na jirani akipungukiwa humgawia kibaba. Mbegu ya chotara ya mahindi aweza kuipanda na kuvuna sana, lakini mwaka wa pili hana budi kurudi dukani. Sisemi chotara ni mbaya. Wengi wameshiba kwa hiyo. Nasema kwamba mwenye kuitegemea peke yake ameuweka msimu wake ujao mikononi mwa mwingine. Windows ni kama mbegu ya dukani. Mwenye duka akisema imekwisha, imekwisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, ingawa ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa watakaojiandikisha. Windows 11 inayoifuata hudai vifaa ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina. Kwa hiyo mashine nzima, isiyo na ubovu wo wote, yaambiwa kwamba imezeeka kwa amri ya mtu aliye ng'ambo. Mashine hiyo hiyo ikiwekewa Linux nyepesi yaweza kufanya kazi miaka mingine kadhaa. Kutupa chombo kizima si uwakili mwema.

Nchi yetu imekwisha kuonja utegemezi huu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata mfumo wa hesabu wa Serikali ulitiwa katika kompyuta, lakini wataalamu wa kuuendesha walikuwa wageni, na kazi ile ikaharibika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikulegezwa upesi. Tusiwacheke wazee wale. Walikuwa wametoka katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, nao waliona wazi hatari ya kuweka hesabu za taifa ndani ya chombo ambacho sisi wenyewe hatukijui. Lakini dawa waliyoichagua, yaani kufunga mlango, ilituchelewesha. Dawa bora ni kuwa na vyombo ambavyo watu wetu wanaruhusiwa kuvifungua na kujifunza. Wakati ule dawa hiyo haikuwako. Leo iko.

Hapa mtu mwenye akili ataniuliza, “Uhuru wa kusoma maandishi ya ndani ya programu wanisaidia nini mimi nisiyejua kuyasoma?” Swali ni zuri. Mimi nalijibu kwa mfano wa mkutano mkuu wa kijiji. Mapato na matumizi husomwa mbele ya wote. Wengi waliokaa pale chini ya mti hawajui hesabu za vitabu. Hata hivyo, kule kuwa mtu ye yote aweza kusimama na kuuliza humfanya mtunza hazina awe mwangalifu. Uhuru wa wachache wajuao hulinda hata wasiojua, maadamu wachache hao wapo na wanafanya kazi yao.

Sharti hilo la mwisho tusilisahau. Mwaka 2014 liligunduliwa kosa kubwa lililoitwa Heartbleed katika programu huria ya usalama iliyotumika katika sehemu kubwa ya mtandao wa dunia. Kosa lile lilikuwa limekaa humo wazi kwa karibu miaka 2. Kila mtu alidhani mwingine amekagua. Kwa hiyo tusihubiri kwamba kilicho wazi ni salama siku zote. Uwazi hutupa nafasi ya kukesha, lakini haukeshi kwa niaba yetu.

Swali la tatu ni la jirani. Mfumo wa Linux ulio maarufu sana kwa watu wa kawaida huitwa Ubuntu, nao ulitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa jitihada za Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za kusini, na sisi Waswahili twalisikia bila mkalimani: ni utu. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Cape Town, mwana wa Kanisa letu la Anglikana, alilieneza neno hilo duniani, akifundisha kwamba mtu huwa mtu kwa sababu ya watu wengine. Wahenga wetu walisema kwa maneno machache zaidi: mtu ni watu. Ni ajabu kuona neno la Kibantu limeandikwa juu ya kompyuta huko Ulaya, wakati wenye neno lenyewe tunaendelea kutumia nakala za wizi za mfumo mwingine.

Nasi Watanzania tulikuwa na mkono katika kazi hii. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandika na kufanya hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa, maana leseni yenyewe iliwaruhusu. Kazi ya namna hiyo haina mwisho, na hata leo tafsiri za Kiswahili katika mifumo hii hazijakamilika. Lakini tukiona neno halipo, twaweza kuliweka sisi wenyewe. Katika nyumba ya mwingine mgeni hahamishi hata kigoda.

Sasa nirudi kwa mzazi, maana yeye ndiye mwenye mzigo. Hofu yake kubwa ni hii: “Ofisi nyingi hutumia Windows. Mwanangu akijifunza kitu kingine, si atakosa kazi?” Hofu hii si ya kipuuzi, na mtu anayeidharau hajalea mtoto. Nasema mambo mawili. La kwanza, mtoto anayejua kupanga mafaili, kuandika barua, kutengeneza jedwali la hesabu na kutafuta kosa, amejifunza jambo linalohama naye. LibreOffice, programu huria iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, husoma na kuandika barua za Microsoft Word, ingawa mara nyingine mpangilio huchezacheza kidogo. La pili, ikiwa kazi ya mzazi mwenyewe yahitaji programu ya hesabu au mashine ya kuchapa ambayo kweli haikubali Linux, basi anunue Windows kwa halali wala asione aibu. Kununua kwa haki ni njia njema. Ninachokataa ni ile njia ya tatu iliyozoeleka, ya kutwaa bila kununua na bila kuruhusiwa.

Tena mzazi asilazimishe. Baba arudiye nyumbani na kufuta kila kitu katika kompyuta kwa jina la uhuru, bila kumwuliza mama anayeweka humo hesabu za vikoba, wala mtoto aliyehifadhi masomo yake, ametenda kinyume cha jambo analolisifu. Chombo ni cha jamaa. Na jamaa ishauriane.

Mashauriano yenyewe yanaweza kufuata maswali machache. Je, mashine ina umri gani na kumbukumbu kiasi gani? Yenye gigabaiti 4 au zaidi itaweza Linux Mint, ambayo ilianza mwaka 2006 juu ya msingi wa Ubuntu, na ambayo mtu aliyezoea Windows hataona ugeni mkubwa, kwa kuwa menyu yake iko chini pembeni pale pale alipozoea. Yenye kumbukumbu ndogo zaidi yafaa kupewa toleo jepesi la Mint liitwalo Xfce, au Lubuntu. Je, nyumba haina mtandao, au bando ni la taabu? Iko Endless OS, iliyokusudiwa watu wa namna hiyo, ambayo huja na vitabu vya maarifa ndani yake, na ambayo sehemu zake za msingi zimefungwa ili mtoto asiziharibu kwa urahisi. Zorin, iliyoanzishwa na ndugu wawili huko Ireland, nayo imetengenezwa kwa ajili ya wahamiaji kutoka Windows.

Baada ya hapo, onjeni kabla ya kuhama. Mingi ya mifumo hii huwekwa katika flashi, kisha kompyuta huwashwa kwa flashi hiyo bila kugusa cho chote kilichomo ndani. Jaribuni jioni moja: je, sauti inatoka? Mtandao unashika? Mashine ya kuchapa inakubali? Kama hapana, zimeni, ondoeni flashi, nanyi mmerudi mlikokuwa. Mkiridhika, hifadhini picha na maandishi yenu mahali pengine kabla ya kuweka mfumo, kwa maana kilichofutwa hakirudi kwa machozi.

Swali lililo kubwa kuliko yote ni hili: aliye karibu nawe anajua nini? Mfumo ulio bora kabisa ukiwa nao peke yako kijiji kizima, siku ukigoma utakaa nao kimya. Kwa hiyo ni afadhali nyumba tano zichague mfumo mmoja ulio mzuri kiasi, kuliko kila nyumba kuchagua ulio mzuri sana usiojulikana na mwingine. Mfumo wa Mint una ukubwa wa karibu gigabaiti 3. Mmoja mwenye safari ya Tunduma aupakue mara moja, kisha nyumba zote zinakili kwake kwa halali kabisa.

Limebaki deni. Tumepokea kazi ya maelfu ya watu, wengine wakijitolea, wengine wakilipwa na makampuni yao. Hakuna atakayetutumia hati ya kudai. Lakini mtu wa heshima akila kwa jirani hukumbuka siku ya jirani kuwa na haja. Kijana aliyefanikiwa kuweka mfumo nyumbani kwao asifiche ujuzi. Akawawekee na wajane na wazee. Mwalimu atafsiri maneno kumi ya Kiswahili kila mwezi. Fundi mwenye kibanda amwambie mteja wazi, “Ninayo ya wizi na ninayo ya halali, zote mbili hazikuzidii ujira wangu,” kisha amwache achague akiwa na macho wazi, na mwenye moyo zaidi aiache kabisa ile ya wizi.

Wazazi mtakaonunua kompyuta baada ya mavuno, nawasihi mkae na watoto wenu mzungumze mambo haya kabla fundi hajaitwa. Mwulizeni mtoto kama anajua mfumo uliomo ulitoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Mtoto aliyezoeshwa kuuliza hivyo juu ya kompyuta atauliza hivyo hivyo siku atakapokabidhiwa fedha za ushirika au za Kanisa.